Maporomoko ya Maji Karibu na Njia: Tuyatazame, Turudi Wazima



Kipwa kikifika, tangu mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, matope yanaisha, njia zinakauka, na wengi wetu tunapata konje. Ndipo jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinapanda motokari, zinabeba sufuria, unga na samaki, na kwenda kutazama maporomoko ya maji. Ni jambo jema. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima katika vumbi na kelele za mashini anapumzika vizuri akisikia sauti ya maji na kuona watoto wake wanafurahi. Hakuna munganga anayeweza kukataza dawa ya namna hiyo.

Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya, na leo tunataka kueleza jambo moja: maporomoko ambayo motokari inafika karibu yake ndiyo yanayotaka akili zaidi. Sababu gani? Mtu anayekwenda kwa miguu siku nzima kutafuta maporomoko anafika akiwa amekwisha kujitayarisha. Ana viatu vya nguvu, ana kamba, ana mtu wa pale anayemwongoza, na ana woga unaofaa. Mtu wa motokari anateremka na sandali miguuni, mtoto mkononi, chupa ya pombe kwapani, na baada ya hatua hamsini amesimama juu ya jiwe lenye maji. Kwa kuwa njia ilikuwa nyepesi, anafikiri maji nayo ni mepesi.

Kazini hatufanyi hivyo. Kwenye ukingo wa shimo la mgodi kuna kilima cha udongo cha kuzuia motokari, kuna vibao, kuna kofia na viatu vya kazi, na kuna kapita anayepiga kelele ukipita mpaka. Kwenye maporomoko, mara nyingi hakuna kilima, hakuna kibao wala kapita. Siku ile kapita ni wewe.

MTO MMOJA, MAPOROMOKO MENGI

Tuchukue mfano wa mto Lufira, ambao wengi wetu tunaujua. Lufira unapita katikati ya Katanga kuelekea kaskazini, na mwisho unaingia katika Lualaba. Katika mwendo wake unaanguka mara nyingi, na kila mwanguko una tabia yake.

Wa kwanza ni Mwadingusha, upande wa mashariki wa Likasi. Zamani wazungu walipaita maporomoko ya Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji. Mwaka 1930 kiwanda cha umeme kilianza kazi pale kwa ajili ya migodi. Mto ulizuiwa kwa ukuta, na nyuma ya ukuta ule likazaliwa ziwa Tshangalele. Kiwanda kilitengenezwa upya, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 2021. Chini kidogo ya Mwadingusha kuna kiwanda kingine, Koni. Kwa hiyo Mwadingusha na Koni ni mahali pa kazi. Mtu haingii bila ruhusa, kama vile mtu wa nje asivyoingia katika kiwanda chetu bila ruhusa.

Wa pili ni Kiubo, mbali zaidi kaskazini, kwa njia inayopita Bunkeya, mji wa mwami M'siri aliyekufa mwaka 1891, na kuelekea Mitwaba. Pale hakuna ukuta wala mashini. Mto wote, mpana, unajitupa juu ya mawe kwa mapazia mengi ya maji. Motokari inafika karibu, na hapo ndipo jamaa wanapenda kutandika mikeka.

Wa tatu ni Lofoi, mto unaoingia katika Lufira. Maji yake yanaanguka kutoka juu ya milima ya Kundelungu kwa zaidi ya metre 300, ndani ya mbuga iliyoanzishwa na serikali mwaka 1970. Ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika ya Kati. Lakini huyu si mwanguko wa sandali. Kuufikia kunataka mwongozi na miguu. Tena mwisho wa kipwa maji yake yanapungua sana, na aliyekuja kutazama mto anakuta uzi tu.

Tunaitaja mitatu hii ili msomaji aone tofauti. Lofoi inaogopesha kwa urefu wake, basi watu wanajilinda. Kiubo si mrefu hivyo, na watu wanapasogelea kama mtu anavyosogelea bomba la maji la nyumbani. Hatari haipimwi kwa urefu. Mtu anaweza kufa kwa mwanguko wa metre mbili.

HATARI YA KWANZA NI NJIA YENYEWE

Kabla ya maji kuna safari. Njia kubwa inayotoka Kasumbalesa kupita Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, imejaa kamyo nzito za shaba na kobalti. Ukiiacha unaingia njia za udongo, na vumbi la kipwa linafunika motokari iliyo mbele yako.

Shofere akumbuke kanuni hii: mbio ikizidi mara mbili, mwendo unaohitajika ili freni isimamishe motokari unazidi mara nne. Kama kwa kilometre 40 kwa saa freni inakusimamisha baada ya metre 10, kwa kilometre 80 itahitaji metre 40. Na juu ya vumbi na changarawe ni zaidi. Basi ukifuata kamyo na huoni mbele, usijaribu kuipita. Ngoja vumbi litue.

Watu wasisimame nyuma ya kamyo wala wasikae juu ya mizigo. Aliye ndani afunge mkanda, hata aliyekaa nyuma. Mtoto mdogo asikae mbele kwenye magoti ya mama, kwa sababu motokari ikigonga, mwili wa mama ndio utakaomponda. Shofere apumzike kila baada ya saa mbili, na asinywe pombe hata kidogo, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Ondokeni mapema asubuhi, na mpange kurudi kabla ya giza. Maajali mengi ya safari za furaha yanatokea jioni, wakati watu wamechoka, wameshiba, na wanataka kufika upesi.

MAJI YA JUU, MAJI YA CHINI, MAJI YANAYOLALA

Sasa tumefika. Tusiseme "maji" tu, kama kwamba ni kitu kimoja. Penye maporomoko kuna maji ya namna tatu, na kila moja lina namna yake ya kuumiza mtu.

Maji ya juu. Haya ni maji yaliyo juu ya ukingo, kabla ya kuanguka. Yanadanganya kuliko yote, kwa sababu yanaonekana matulivu. Mtu anaona maji ya magotini, safi, na anaingia kunawa uso. Lakini maji yanayokaribia ukingo yanaongeza mbio, ijapokuwa huoni. Na hapa kanuni ya motokari inarudi: mbio ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yanayosukumia miguu yako inazidi mara nne. Hatua tatu nyuma ulikuwa umesimama vizuri, na hatua tatu mbele umekwisha kuanguka. Sisi watu wa migodi tunajua uzito: metre moja ya mraba wa pande zote ya maji ina tani moja. Hakuna mtu anayesimamisha tani kwa magoti.

Tena mawe ya pale yamefunikwa na utelezi wa kijani. Ni majani madogo sana yanayoota mahali penye maji na mwangaza. Yakilowa yanateleza kama sabuni, na yakikauka juu yanabaki laini chini. Mtu anayeteleza hana kitu cha kushika. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: juu ya ukingo hakuna mtu anayeingia majini, hata kunawa mikono. Watoto wasifike kabisa.

Na hapo juu kuna kosa jingine la siku hizi. Mtu anatoa simu, anampa maporomoko mgongo, anarudi nyuma hatua moja ili picha iwe nzuri, kisha hatua nyingine. Anayepigwa picha haoni anapokanyaga, na anayepiga anaangalia simu tu. Chagua kwanza mahali pakavu mbali na ukingo, simama, kisha piga picha. Ukitaka kusogea, weka simu mfukoni.

Maji ya chini. Haya ni bwawa lililochimbwa na maji yanayoanguka. Vijana wanalipenda kwa kuruka. Watu wengi wanafikiri kwamba anayejua kuogelea hana shida. Si kweli, na sababu ziko tatu. Kwanza, maji yanayoanguka yanajichanganya na hewa na kuwa povu jeupe. Povu ni jepesi kuliko maji, halibebi mwili. Anayeelea vizuri ziwani anazama katika povu. Pili, maji yakifika chini yanajigeuza. Juu ya bwawa yanarudi kuelekea mwanguko, na yanamvuta mtu chini yake tena na tena, hata awe na nguvu. Tatu, chini ya povu huoni mawe wala miti iliyoletwa na mto. Anayeruka kichwa mbele anaweza kuvunja shingo, na mtu aliyevunja shingo anaweza kupooza mikono na miguu kwa maisha yake yote. Katika ukurasa huu tumezoea kusema kwamba kuzuia ni bora kuliko kuponya. Kwa shingo iliyovunjika, mara nyingi hatuna cha kuponya.

Maji yanaweza pia kujaa kwa ghafula. Mvua ikinyesha mbali, juu ya mto, ninyi mkiwa kwenye jua, mto utapanda bila kuwapigia hodi. Alama zake ni hizi: maji safi yanageuka kuwa ya matope, yanaanza kubeba majani na vijiti, na sauti inaongezeka. Ukiona mojawapo, ondoka upande wa juu mara moja, usirudi kuchukua sufuria. Penye ukuta wa umeme, kama Mwadingusha na Koni, hakuhitajiki hata mvua. Wafanya kazi wa umeme wakifungua milango ya ukuta au wakibadilisha kazi ya turbini, maji ya chini yanaweza kupanda katika dakika chache. Mto uliokauka chini ya ukuta si uwanja wa kucheza mpira wala mahali pa kufulia nguo.

Maji yanayolala. Haya ni maji ya pembeni, chini zaidi au juu zaidi, penye nyasi na matope, ambapo mto unapumzika. Mama anasema: "Hapa hakuna mkondo, watoto waoge hapa." Mkondo hakuna, lakini kuna mambo mawili. La kwanza ni mamba na kiboko. Lufira inao, hasa sehemu za chini. Uliza wenyeji wa kijiji kabla ya kugusa maji, na usibishane nao. La pili ni ugonjwa, ambao tunautaka ujulikane vizuri.

INZI WA MAJI YA MBIO, KONOKONO WA MAJI YA POLEPOLE

Ugonjwa wa maji yanayolala ni bilarzia. Uligunduliwa na munganga mmoja wa Ujerumani, Theodor Bilharz, katika mji wa Cairo mwaka 1851, na kwa hiyo unabeba jina lake. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia karibu na maji, mayai ya mdudu yanaingia majini na kupasuka. Vidudu vinatafuta konokono wadogo wanaoishi kwenye nyasi za maji ya polepole. Ndani ya konokono vinaongezeka kwa majuma kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vinapenda kutoka wakati wa jua kali la mchana, wakati uleule watoto wanapoenda kuoga. Vinaingia katika ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Havionekani kwa macho.

Baadaye mtu anajikuna, kisha baada ya majuma kadhaa anaweza kupata homa, kikohozi na kuchoka. Ugonjwa ukikaa, kuna namna mbili. Moja inaleta damu katika mkojo, nyingine inaleta damu katika choo na kuharibu ini. Wako wazazi wanaosema kwamba kijana akikojoa damu ni dalili ya kukomaa. Ndugu zangu, si kukomaa, ni ugonjwa, na unatibika. Dawa yake inaitwa prazikwanteli, nayo inapimwa kwa uzito wa mgonjwa.

Konokono hawezi kushika penye mkondo mkali. Basi wengine watasema: "Tutaoga penye mbio." Tumekwisha kuona hatari ya mbio. Na maji ya mbio nayo yana mdudu wake. Ni usubi, inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kinundu. Watoto wake wanajibandika kwenye mawe na majani ya maji yanayokimbia, kwa sababu wanahitaji hewa nyingi iliyomo katika maji hayo. Kwa hiyo maporomoko ni nyumba yake. Anauma mchana, hasa miguuni, na anaweza kuleta ugonjwa wa onkoserka, unaoitwa pia upofu wa mto. Unaanza kwa kujikuna na vinundu chini ya ngozi, na baada ya miaka unaweza kuua macho.

Tusiwaogopeshe wasomaji. Aliyeumwa mara chache katika siku moja ana hatari ndogo. Ugonjwa unawashika hasa wanaokaa karibu na mto na kuumwa miaka na miaka. Tangu 1987 kuna dawa, ivermektini, inayotolewa bure vijijini. Inaua vidudu vichanga lakini si vikubwa, na vikubwa vinaishi zaidi ya miaka kumi, ndiyo sababu wanakijiji wanaimeza kila mwaka. Waliogundua dawa hiyo, Mjapani Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2015. Usinunue dawa hii sokoni na kumeza bila kupimwa, kwani mtu mwenye vidudu vingi vya namna nyingine katika damu anaweza kuumia vibaya. Kwa safari ya siku moja kinga yako ni rahisi: suruali ndefu, soksi, shati la mikono mirefu. Ni nguo zilezile zinazokulinda juu ya jua na miiba.

MAJI YA KUNYWA

Maji ya maporomoko ni meupe na baridi, lakini weupe si usafi. Juu yako kuna vijiji, mifugo na watu. Katanga inajua kolera, hasa penye maziwa na mito mikubwa. Bebeni maji kutoka nyumbani, litre 3 kwa mtu mzima kwa siku moja ya jua. Yakiisha, chemsha maji ya mto mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi, kisha yafunike. Na anayetaka kujisaidia aende mbali na mto, achimbe na kufunika. Kumbuka konokono: ugonjwa wa bilarzia hauanzi kwa mdudu, unaanza kwa mtu.

TUSEME BABA MMOJA WA LIKASI

Tuone mambo haya yote katika safari moja. Tuseme baba mmoja wa Likasi anakwenda Kiubo na bibi yake, watoto wanne, dada wa bibi na shemeji. Wakubwa ni wanne, watoto ni wanne. Kabla ya kuteremka katika motokari, baba anasema: "Kila mkubwa ana mtoto wake. Mama, wewe na mdogo. Shemeji, wewe na Petelo." Si kusema "tuwaangalie watoto", kwa sababu kazi ya watu wote ni kazi isiyo na mwenyewe. Mtoto anayeangaliwa na wakubwa wanne anaweza kupotea mbele ya macho manane, kila mmoja akifikiri mwenzake anamtazama. Ni kama kazini: mashini moja ina ufunguo mmoja, na ufunguo una jina la mtu. Mkubwa anayetaka kwenda porini au kulala anamkabidhi mtoto kwa mwingine kwa kinywa: "Mchukue Petelo." Na mwingine anajibu: "Ninaye."

Kisha baba anatembea peke yake, anatazama, anauliza wenyeji, anachagua mahali pakavu penye kivuli, mbali na ukingo na juu ya alama ya mwisho ya maji kwenye mawe. Anaonyesha mpaka kwa kitu kinachoonekana: "Mti ule. Hakuna mtoto anayepita mti ule." Watu wanahesabiwa wakati wa kufika, wakati wa kula, na kabla ya kuondoka. Pombe, kama ipo, inakunywewa nyumbani jioni. Anayekunywa penye maporomoko anapoteza kwanza woga, kisha mizani ya miguu, na vyote viwili vinahitajika pale.

Katika motokari baba ameweka bidoni tupu ya litre 20, iliyofungwa kabisa, na kamba ya metre 20. Watu wanafikiri ni ya maji ya kunywa. Tuone kazi yake.

MTU AKIINGIA MAJINI

Mtoto ameteleza na maji yanamvuta. Kila mzazi anataka kuruka. Mara nyingi anayeruka kuokoa anakufa naye, kwa maana mtu anayezama anashika kichwa cha anayemsaidia na kumzamisha bila kujua. Siku ya namna hiyo nyumba moja inaweza kulia watu wawili au watatu. Kumpenda mtoto si kuruka. Kumpenda ni kumtupia kitu.

Tupa bidoni iliyofungwa kamba. Bidoni tupu ya litre 20 inaweza kubeba karibu kilo 19 juu ya maji. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, na mwili uliomo majini maji yenyewe yanaubeba. Kwa hiyo bidoni moja inatosha kuweka pua juu ya maji. Ukiwa huna kamba, tupa bidoni peke yake, au sukuma tawi refu ukiwa umelala tumbo chini mahali pakavu, na mwenzako akishika miguu yako. Mpigie kelele aliye majini: alale chali, miguu mbele, aelekee pembeni bila kupigana na mkondo.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu wala usimkande tumbo ili maji yatoke. Unapoteza wakati, na matapishi yataingia katika mapafu. Ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi bila hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, funga pua yake, na umpulizie pumzi 5 kinywani mpaka kifua kiinuke. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa mkono wenye nguvu, kwenda chini kama sentimetre 5 kwa mkubwa, kwa mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, tena mara 30, bila kuacha, mkipokezana, mpaka apumue au mfike kwa munganga. Kama alianguka juu ya mawe, usizungushe shingo yake. Watu kadhaa wamgeuze pamoja, kichwa na mwili kama ubao mmoja.

Na aliyepona pale pale, akakaa na kuomba chai? Naye apelekwe hospitali siku ileile. Maji yaliyoingia katika mapafu yanaweza kuyavimbisha saa kadhaa baadaye, usiku, wakati watu wote wamelala.

Mfupa ukivunjika, ufunge kati ya vijiti viwili kwa kitambaa, bila kujaribu kuunyosha. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aulize kama chanjo yake ya tetano ingali na nguvu.

BAADA YA KURUDI

Safari haiishi siku ya kurudi. Homa ikikupata kati ya juma la kwanza na miezi mitatu baada ya safari, usiseme ni uchovu. Inaweza kuwa malaria, na inapimwa kwa tone moja la damu. Waliolala kule walale ndani ya chandarua. Mtu aliyegusa maji yanayolala aje kupimwa mkojo na choo baada ya miezi miwili hivi. Akija mapema sana, mayai hayajaonekana bado, na dawa haiui vizuri vidudu vichanga. Kuhara maji meupe kama maji ya mchele kunataka hospitali saa ileile, na maji ya chumvi na sukari njiani. Na ukifika mbele ya munganga, sema neno hili la kwanza: "Nilikwenda penye maporomoko." Neno hilo moja linamfungulia njia ya kutafuta, kwani yeye hakuona mahali ulipokuwa.

KWA UFUPI

1. Ondoka mapema, rudi kabla ya giza, shofere bila pombe, wote na mkanda.
2. Juu ya ukingo hakuna anayeingia majini, hata maji ya magotini.
3. Katika bwawa la povu hakuna anayeruka.
4. Chini ya ukuta wa umeme hakuna anayekaa, hata mto ukikauka.
5. Maji yakibadili rangi au sauti, panda juu na uache vyombo.
6. Maji ya nyasi yanayolala si mahali pa kuogeshea watoto.
7. Kila mtoto ana mkubwa mmoja, kwa jina.
8. Bidoni tupu na kamba ndani ya motokari, siku zote.

Ndugu wafanya kazi, maporomoko ya nchi yetu ni mali yetu sote, na tuna haki ya kuyafurahia na jamaa zetu. Lufira imekuwa ikianguka kabla ya migodi, na itaendelea kuanguka. Nendeni mkaitazame, mkae pakavu, mle samaki wenu, mkasimulie wenzenu kazini. Na siku ya kuanza kazi tena, kapita akiita majina, kila mmoja aitike.

Msaidizi wa munganga, Kazi ya Afya